Kosa la Maestro Kwenye Wimbo wa Tatu

Maestro alisikiliza muziki akiwa amesimama uani. Sikuwahi kumwona amekaa mbele ya spika. Ukimwekea diski sebuleni kwake, kule mtaa wa Makomeno, hapa Lubumbashi, alitoka nje, akavuta mlango taratibu kama anayemwacha mgonjwa alale, kisha akasimama karibu na karo la kufulia, mikono nyuma, kichwa kimelala kidogo upande wa kushoto. Dirisha aliliacha wazi. Nilipomuuliza sababu, alinijibu kwa ule utulivu wake ulioniudhi mara nyingi.

"Chakula banapikia mu jikoni, lakini harufu njo inasikilika muzuri inje."

Iliniudhi kwa sababu mimi nilipima. Kazi ya sauti nilijifunza peke yangu, kwa kusoma kwenye simu, katika chumba cha nyumba yetu ya Katuba ambacho mama alitaka kukipangisha. Nilibandika trei za mayai ukutani, nikatundika mablanketi ya zamani, nikaanza kurekodi harusi, mahubiri na nyimbo za matanga. Nilisoma kwamba msikilizaji na spika zake mbili wanapaswa kufanya pembetatu yenye pande sawa, na nilikuwa na kamba yenye mafundo ya kupimia pande hizo. Na huyu, mtu niliyemheshimu kuliko wote mjini, alisikilizia dirishani, kando ya ndoo.

Kila mtu alimwita Maestro, hata wateja waliokuja kununua blanketi bila kujua kwamba anaongoza kwaya. Alikuwa mfanyabiashara wa jumla, mmoja wa wale waliotoka Kivu ya Kaskazini na kufungua depo karibu na soko. Aliuza mablanketi kwa robota na maharagwe kwa gunia. Hakuuza blanketi moja wala kilo moja. "Rejareja iko kazi ya bantu ba subira," alisema, "mi sina." Ilikuwa uongo. Nimemwona akitumia alasiri nzima ya Jumamosi, muda wa saa tatu, kwenye neno moja la wimbo, akilirudisha na kulirudisha mpaka sauti ya pili waache kulivuta mwishoni.

Kwaya yake ilikuwa na waimbaji thelathini na wawili, wengine watu wa Kivu kama yeye, wengine wenyeji wa Katuba waliozaliwa kwenye kelele za migodi. Walifanya mazoezi ndani ya depo Jumamosi alasiri, baada ya kufunga. Walikaa juu ya magunia: soprano kwenye maharagwe, besi kwenye mchele, tenori juu ya marobota ya blanketi ambako, alisema, wangelala vizuri maana ndiyo kazi waliyoijua.

Masikio yake yalikuwa ya kutisha. Watu thelathini na wawili wanaimba, mkono wake unasimama hewani.

"Kuna mutu ananusa mu alto."

Tantine, mama mmoja muuza mikate aliyeimba alto, anainua kidole. "Ni miye, Maestro. Iko mafua."

"Nusa pamoja na bengine bakivuta pumuzi basi. Kwenye nukta, hapana mbele ya nukta."

Siku moja pikipiki ilipita nje ikipiga honi ndefu. Maestro aliisikiliza mpaka ikapotea, akawageukia tenori. "Mumesikia? Haijajifunza musiki hata siku moja, na imeshika noti kuliko nyinyi."

Mtu huyohuyo alikuwa na redio ya kuchezea CD iliyofungwa kwa mpira wa ndani wa baiskeli ili kifuniko kisifunguke, na spika yake moja ilikuwa imekufa tangu kabla sijamfahamu. Nilijitolea kuitengeneza bure.

"Spika ya pili ya nini, Ingénieur? Niko na kichwa kimoja."

Alinipa jina hilo la Ingénieur, yaani mhandisi, siku ya kwanza, nilipofika depo na mikrofoni zangu mbili na kamba yangu yenye mafundo. Sijui kama alinitania au alinipa cheo. Mimi sina diploma yoyote, na mara nyingi ninapokuwa mbele ya watu nasubiri mmoja wao anigundue. Alipokuwa akiniita hivyo mbele ya kwaya nzima, bila kucheka, nilihisi nimenyooka mgongo.

Alikuwa na neno moja alilowaambia waimbaji wapya, nami nitalirudia hapa kwa sababu kila kitu kinaegemea juu yake. "Mi nikikosa, munifuate. Tukikosa pamoja, iko musiki. Tukikosa mumoja-mumoja, iko soko."

Alichotaka kwangu kilikuwa kidogo. Nyimbo tisa alizozitunga mwenyewe, zote kwenye CD moja. "Minataka kila muimbaji akuwe na CD yake mu mukono," aliniambia. "Hapana mu telefone. Telefone inaibiwa, inaanguka mu maji, mutoto anafuta. Mu mukono. Leo tuko hapa, kesho hatujue."

Tulirekodi mara ya kwanza mwezi mmoja baada ya hapo, kwa mashine ndogo niliyoiazima. Depo ilikuwa imejaa hadi kwenye mabati. Magunia na marobota hunywa sauti. Hakuna kinachorudi kutoka ukutani. Sauti zao zilitoka kavu, za karibu, kama mtu anayekusemesha huku ameshika mkono wako. Waimbaji wote thelathini na wawili walikuwepo. Tukamaliza nyimbo tisa kwa alasiri moja.

Kwenye wimbo wa tatu Maestro alikosa. Yeye mwenyewe. Aliwaingiza tenori mapema, kipimo kizima cha muziki kabla ya wakati wao. Walijua ni mapema, niliona macho yao, lakini mkono ulikuwa umepanda, wakaingia. Alto wakainama kuwapisha, besi wakasubiri, na baada ya vipimo vitatu kila mtu alikuwa mahali pake tena. Wimbo ulipoisha Maestro alisema "pardon", na kwaya ikaanguka kwa kicheko juu ya magunia.

"Tunarudilia ya tatu?" aliuliza.

"Tutarudilia yote," nikasema. "Hii ilikuwa ya kujaribu."

Nataka kueleza kwa nini nilisema hivyo, na sitajipamba. Mashine ile ya kuazima ilirekodi kwa kipimo cha CD tu: sauti inakatwa vipande elfu arobaini na nne na mia moja kila sekunde, na kila kipande kinaandikwa kwa biti kumi na sita. Mimi nilikuwa nimesoma juu ya muziki wa kipimo cha juu, vipande elfu tisini na sita, biti ishirini na nne, mafaili mazito yanayouzwa ghali kwa watu wenye masikio mazuri. Nilikuwa nimeagiza mashine ya namna hiyo kwa mfanyabiashara aliyekuwa akisafiri Dubai. Akiba yangu yote ilikuwa humo. Niliamini kwamba siku nitakapokuwa na namba zile, hakuna atakayeniuliza nilisomea wapi. Faili za alasiri ile niliziweka kwenye folda niliyoiandika "Jaribio, usitumie".

Nilipomweleza habari za namba hizo, Maestro alinitazama. "Masikio ya nani itasikia hizo namba?"

"Zako, Maestro. Masikio kama yako."

"Yangu iko ya kusikia makosa, haiko ya namba." Lakini hakubisha zaidi. Alikuwa na heshima ya ajabu kwa kazi ya mtu mwingine. "Weye njo Ingénieur. Tutangoja."

Mashine ilichelewa miezi mitano. Katikati ya miezi hiyo Goma, mji mkuu wa Kivu ya Kaskazini, ilianguka mikononi mwa waasi.

Sisi wa Lubumbashi tuko mbali na Goma. Vita kwetu vilifika kwa njia ya simu zisizopokelewa. Maestro alikuwa na ndugu zake kule waliomnunulia na kumpakilia mizigo. Benki zikafungwa, uwanja wa ndege ukafungwa, malori yakakaa. Depo ilianza kupungua bila kujazwa. Kwanza yakaondoka marobota ya tenori, wakawa wanaimba wamesimama. Kisha mchele. Waimbaji nao wakaanza kwenda. Mmoja alienda kuwatafuta wazazi wake kwenye kambi za wakimbizi. Wawili walikwenda Kolwezi kuchimba madini. Mwingine aliyekuwa karani wa depo alivuka mpaka hadi Ndola, Zambia, kwa sababu hapakuwa tena na kitu cha kuandika.

Mashine ilipofika tulikuwa na waimbaji kumi na tisa, na depo ilikuwa nusu tupu. Nilirekodi. Usiku, hapana, nisidanganye, ilikuwa saa nne asubuhi ya kesho yake, niliketi kwenye ncha ya pembetatu yangu na kusikiliza. Namba zilikuwa nzuri sana. Na kila neno lilifuatwa na mkia wake. Ule mwangwi ulikuwa urefu kamili wa nafasi zilizoachwa na magunia, na mashine yangu ya ghali iliupima vizuri kuliko mashine nyingine yoyote ingeweza.

"Tutarudilia," nikasema.

Tulirudia mara tatu. Kila mara depo ilikuwa tupu zaidi, waimbaji wachache zaidi, mwangwi mrefu zaidi. Nilitundika mablanketi yaliyobaki ukutani, Jumatatu yakauzwa. Maestro hakulalamika. Alisimama mbele ya watu kumi na wanne akiongoza kana kwamba wale wengine wamechelewa tu njiani. Mara moja nilimwona akiwapa ishara ya kuingia upande wa besi ambako hapakuwa na mtu. Mkono ulibaki pale kidogo, kisha akaushusha.

Katika majuma hayo nilifanya jambo ambalo sikumwambia mtu. Nilichukua rekodi moja ya kipimo cha juu, nikaitengenezea nakala ya kipimo cha CD, nikamwomba mama azicheze moja baada ya nyingine nikiwa nimegeuka ukutani, bila kuniambia ipi ni ipi. Mara kumi. Mama alikuwa anachambua sombe, yale majani ya muhogo, huku akibonyeza.

"Hii ni ya ghali," nilisema mara ya kwanza.

"Mm," akasema mama, akaandika.

Nilipata tano kati ya kumi. Mama aliitazama karatasi. "Mutoto wangu, hata mi ningefunga masikio ningepata tano."

Ukiniuliza leo kama kipimo cha juu kinastahili gharama yake, nitakujibu hivi. Kwenye kurekodi, zile biti za ziada zinasaidia kidogo: kama hujui kwaya itapaza sauti kiasi gani, zinakupa nafasi ya kukosea bila kuharibu. Kwenye kusikiliza, mimi sikuweza kutofautisha, na nilijaribu kwa moyo wangu wote, kwa sababu nilikuwa nimelipa. Lakini siku ile sikuwa na ujasiri wa kusema hivyo. Nilijiambia kosa liko kwenye spika zangu.

Tarehe ya ubatizo wa diski ikafika. Kwetu albamu ya kwaya haitoki hivihivi, inabatizwa. Mchungaji anaiombea, baba wa ubatizo anaiinua juu ibada nzima iione, anainunua ya kwanza, watu wanapiga vigelegele. Maestro alikuwa ameshaalika, na baba wa ubatizo, mwenye malori mmoja rafiki yake, alikuwa ameahirisha safari kwa ajili hiyo. Majalada yalikuwa yamechapwa. Nyimbo tisa zilikuwa kwenye kompyuta yangu katika matoleo matano, na hakuna hata moja niliyoweza kuitoa mkononi.

Asubuhi ya Jumapili ile nilichukua CD tupu, nikaibandika lebo, nikaitia ndani ya jalada, nikaipeleka kanisani.

Niliiona ikiinuliwa. Niliwaona kumi na wanne wakiitazama. Tantine alilia. Mchungaji aliombea sauti zilizomo ndani yake. Baba wa ubatizo akalipa, kisha akamgeukia Maestro na kumpa ile diski kama zawadi, akisema mtoto akae na baba yake. Watu wakaniuliza nakala zao ziko wapi. "Zinakuja," nikasema. Nilisema hivyo kwa miezi minne. Nilianza kupita barabara nyingine ili nisipite mbele ya depo.

Kisha Tantine akanisimamisha karibu na meza yake ya mikate. "Maestro anaenda. Kaka yake mukubwa eko mugonjwa kule Butembo. Kesho kutwa anapandia ndege ku Luano, anapitia Uganda. Depo amerudisha bafunguo."

"Atarudi?"

"Unaniuliza miye? Enda umuulize."

Nilienda Makomeno kesho yake asubuhi na kompyuta begani. Nilikuwa nimejiandaa kuungama. Niliirudia njia nzima hotuba yangu. Maestro alinifungulia mwenyewe. Alikuwa amekonda. Sebule ilikuwa na masanduku mawili, viti vimeshauzwa, na ile redio yake sakafuni, na mpira wake wa baiskeli.

"Ingénieur. Ikala ku sanduku."

"Maestro, iko kitu minataka kukuambia. Ile CD ya ubatizo…"

"Niko nayo hapa." Akaitoa mfukoni mwa koti, ndani ya jalada lake, safi. "Niliiweka mu mashini palepale tulitoka ku kanisa. Chakula kilikuwa ku meza. Nikaenda kusimama inje."

Nilishusha kompyuta begani, nikaiweka magotini.

"Nilisimama murefu. Nikasema, huyu mutoto ameweka kimya mbele, juu batu batulie. Kiisha nikaingia, nikaona mashini inaandika hakuna kitu." Alinitazama, na uso wake ulikuwa na kitu karibu na kicheko. "Hii njo CD moja tu ya kwaya yangu yenye haina kosa. Miezi mine minaisikiliza. Haina kosa hata moja."

Nililia basi. Sikujua kama nalia kwa aibu au kwa nini. Alisubiri nimalize, kama alivyowasubiri waimbaji wenye mafua.

"Juu ya nini haukunisemesha, Maestro?"

"Ningekusemesha mbele ya batu, ungeacha kazi. Ningekusemesha peke yako, ungerudilia mara ya sita." Akaninyooshea diski. "Iko tupu bado. Sasa weka mu ndani ile ya kwanza."

"Ya kwanza iko na kosa yako. Ku wimbo wa tatu."

"Ninajua kosa yangu. Iko na bantu bangu bote?"

"Thelathini na wawili."

"Weka."

Nikafungua folda ya "Jaribio, usitumie". Kompyuta ilipoanza kuandika, ile diski ikazunguka ndani kwa mlio mwembamba, na sisi tukaitazama kama watu wanaotazama sufuria. Nikamuuliza kama itabidi ibatizwe tena.

Alifikiri kwa dhati. "Ku kanisa yetu hatubatizake batoto bachanga. Lakini hii tuliibatiza mbele haijajua kusema. Sasa imejua. Yatosha." Kisha akasema, "Bengine utabapa weye. Mu mukono. Wa Ndola, utamutumia na Tantine, eko na dada kule."

"Nitawapa."

"Hapana kurudilia."

"Hapana kurudilia, Maestro."

Niliiweka diski ndani ya redio, nikavuta mpira juu ya kifuniko. Nilipogeuka alikuwa ameshatoka na mlango umevutwa. Nikabaki na ile spika moja iliyo hai, bila pembetatu, nimekaa juu ya sanduku la nguo zake. Depo ikajaa tena. Magunia yalikuwa yamepangwa hadi kwenye mabati na hakuna neno lililokuwa na mkia. Nikamsikia karani aliyekwenda Ndola, kwenye besi. Nikamsikia Tantine akinusa, kwenye nukta.

Wimbo wa tatu ulipoanza nilisimama dirishani. Maestro alikuwa karibu na karo, mikono nyuma, kichwa upande wa kushoto. Nilikuwa nahesabu vipimo, nikijua kinachokuja, na bado moyo wangu ulikuwa unamwomba asikose. Mkono wake wa kulia ukatoka nyuma na kupanda juu, kipimo kizima kabla ya wakati, palepale.

Tenori wote wakamfuata.